Usaili umekwama wapi? Dalili, visababishi na marekebisho kwa watafuta kazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe

Kazi yangu ni kuskani vyeti, kuchapa barua za maombi na kuwasaidia vijana kufungua akaunti za ajira hapa Mwanjelwa, Mbeya. Malalamiko ninayoletewa mezani yanajirudia: sijaitwa, niliitwa nikachelewa kujua, nimerudishwa mlangoni, nimekwama nikiwa ndani, nimejibu vizuri halafu kimya. Wengi humalizia kwa kusema hawana bahati, au hawana mtu wa kuwashika mkono. Wapo walionyimwa haki kweli, na sehemu yao ipo hapa chini. Lakini kwa walio wengi shida ina mahali ilipoanzia, na hapo panarekebishika bila gharama kubwa. Kinachowatesa ni kurekebisha mahali pasipo na tatizo. Mwenye shida ya vyeti ananunua suti. Anayekwama mbele ya jopo anabadilisha CV kila mwezi.

Kwa hiyo tafuta dalili yako kwanza, halafu uanze na ukaguzi mwepesi.

DALILI: Unaomba kila tangazo, huitwi hata mara moja

Kama maombi yako ni ya serikalini, ukaguzi wa kwanza hauchukui hata dakika tano: ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, fungua orodha ya maombi uliyotuma, usome kilichoandikwa mbele ya kila ombi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaeleza waombaji sababu ya kutoitwa humo humo kwenye akaunti. Nashangazwa na wingi wa watu wanaoomba mwaka mzima bila kufungua ukurasa huo.

Sababu ninazokutana nazo, nikianza na inayojirudia zaidi:

Nyaraka. Mtu ameweka hati ya matokeo mahali panapotakiwa cheti chenyewe. Au cheti cha kidato cha nne kimewekwa pa kidato cha sita. Au ni picha ya simu iliyopigwa kwenye giza la jioni, namba ya mtihani haisomeki. Au nakala haina mhuri wa wakili wakati tangazo liliutaka. Pakua ulichopandisha, ukiangalie kwenye skrini kubwa kama mtu asiyekujua. Kisiposomeka kwako, na kwa mwingine hakitasomeka.

Barua. Kijana anachukua barua ya rafiki yake, anabadilisha jina, anasahau kubadilisha mwajiri. Barua ya Sekretarieti huelekezwa kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na lazima iwe na saini yako ya mkono. Angalia pia kichwa cha barua: kazi iliyotajwa ndiyo hii unayoomba leo, au ni ile ya mwezi uliopita?

Sifa. Tangazo linataka stashahada ya fani fulani pamoja na usajili wa bodi, wewe una stashahada ya fani jirani na usajili huna. Hapa hakuna marekebisho ya karatasi. Shughulikia usajili kwanza, au omba kada inayokuhusu.

CV naiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayobebeshwa lawama kuliko zote. Kwenye kampuni binafsi ina uzito mkubwa zaidi, na huku kwetu waajiri hao ni wengi: mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, maparachichi ya Njombe, shule, saccos, hoteli, viwanda. Wengi wao hupokea maombi kwa barua pepe, kwa hiyo faili liwe na jina lako na jina la kazi, siyo “Document1”. Namba ya simu iwe inayopatikana. Laini iliyokufa inaua maombi mengi kuliko sarufi mbaya.

Simama hapa: ukijaribu kujisajili na mfumo ukasema namba yako ya NIDA tayari ina akaunti, usitumie namba ya ndugu yako ili uvuke. Wasiliana na dawati la msaada la Sekretarieti. Na nenosiri lako usimwachie mtu wa steshenari, hata mimi.

DALILI: Uliitwa, ukajua siku imeshapita

Karibu kila mara chanzo ni kimoja: ulikuwa unategemea mtu akutumie tangazo kwenye kundi la WhatsApp. Kundi linachagua, linachelewa, na wakati mwingine linasambaza tangazo la mwaka jana. Orodha za walioitwa hutolewa kwenye tovuti ya Sekretarieti, na taarifa zako binafsi, pamoja na namba ya usaili, zinakuwa kwenye akaunti yako. Pangia siku mbili za wiki za kuingia mwenyewe.

Kwa kampuni binafsi shida ni simu. Mwajiri anapiga mara moja, mbili, anahamia kwa anayefuata. Kama unaishi Ileje, Makete au Ludewa mahali ambapo mtandao unakuja ukipanda kilimani, andika namba mbili kwenye barua, ya pili ikiwa ya mtu wa mjini mwenye akili ya kupokea na kuandika: nani amepiga, kazi gani, lini, wapi. Mwambie kabisa kwamba umemwandika. Nimeona dada mtu anapokea simu ya usaili anajibu “umekosea namba”, kwa sababu hakuambiwa.

DALILI: Umefika, umerudishwa mlangoni

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana mtu ameshalipa nauli na gesti, ameshaomba ruhusa kibaruani, halafu anarudi bila hata kuulizwa swali moja. Na ndiyo inayozuilika kirahisi.

Kinachorudisha watu zaidi ni vyeti halisi. Matangazo ya usaili ya Sekretarieti yanasema wazi kwamba hati za matokeo na vyeti vya muda havikubaliwi, na kwamba msailiwa aje na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama alipita, hadi cha chuo. Walio kwenye kada zenye bodi waje na vyeti halisi vya usajili na leseni za kufanyia kazi. Waliosoma nje ya nchi wawe na uthibitisho wa TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (sekondari) kulingana na ngazi ya elimu. Ukisoma “halisi”, nakala yenye mhuri wa wakili haitoshi.

Pili ni kitambulisho. Tangazo hutaja vinavyokubalika. Namba ya NIDA uliyoiandika kwenye karatasi siyo kitambulisho. Kama kadi haijatoka, angalia kama cha mpiga kura au leseni ya udereva vimo kwenye orodha.

Tatu, majina. Hapa nikae kidogo, kwa sababu majina yetu ya huku yanaponza watu. Chukua binti anayeitwa Atupele. Kasisi aliandika Atupele kwenye cheti cha ubatizo, mwalimu akafuata hivyo hivyo hadi kidato cha nne, lakini cheti cha kuzaliwa kilichotafutwa baadaye kikaandikwa Atupelye, kama bibi anavyotamka. Kijana mwingine ni Lusajo shuleni na Lusayo kwenye NIDA. Nyumbani hakuna anayeona tofauti. Mhakiki wa vyeti anaona watu wawili.

Fanya hivi leo, kabla hujaitwa popote. Tandaza vyeti vyote mezani kwa mpangilio wa miaka, weka rula chini ya jina, usome herufi moja moja ukiisema kwa sauti. Cheti cha kuzaliwa: A-t-u-p-e-l-y-e. Kidato cha nne: A-t-u-p-e-l-e. Angalia na mpangilio wa majina matatu, na jina la babu lililofupishwa kuwa herufi moja. Halafu tazama ni karatasi ipi iko peke yake.

Ikiwa cheti cha kuzaliwa ndicho kiko peke yake, nenda kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya kilikosajiliwa, ueleze marekebisho unayotaka; RITA, wakala wa serikali wa usajili huo, ndiyo yenye mamlaka. Ikiwa ni NIDA, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Cheti cha shule ndicho kigumu zaidi kukigusa, kwa hiyo kwa maoni yangu nyaraka nyingine ndizo zikifuate.

Simama hapa: kama vyeti vya elimu vyenyewe vinapingana, au umebadilisha jina kwa ndoa au dini, hili ni la wakili. Kuna hati ya majina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kuna kiapo cha kawaida kinachoapwa mbele ya wakili au mahakamani. Soma tangazo limetaka ipi, umwonyeshe wakili tangazo hilo hilo. Watu hulipia kiapo, wakifika wanaambiwa inatakiwa iliyosajiliwa. Usikubali mtu akuchapie jina jipya juu ya cheti. Hilo ni kosa la jinai, na litakufuata hata ukiwa umeshaajiriwa.

Cheti kikipotea, anza na ripoti ya upotevu ya polisi, kisha fuata utaratibu wa NECTA au wa chuo chako. Utaratibu huo haumalizwi kwa wiki moja, kwa hiyo usisubiri tangazo.

Mwisho kabisa ni mahali. Siku hizi usaili mwingi hufanyika mikoani, na mtu hupangiwa kituo kufuatana na makazi aliyojaza kwenye akaunti. Ulisoma Dar es Salaam, umerudi Tukuyu, anwani hukubadilisha: utapangiwa Dar es Salaam. Hakiki anwani kabla ya kutuma ombi.

DALILI: Umechelewa

Ukiwa unatoka Mbeya, Vwawa au Kyela kwenda Dodoma au Dar es Salaam, usipange kufika asubuhi ya usaili. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na barabara ni hiyo hiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Lori moja likilala kwenye mlima wa Kitonga, mnasubiri wote. Fika siku moja kabla, ulale karibu na kituo, na jioni hiyo uende kwa miguu hadi getini ili ujue mlango ni upi.

Ndani ya Jiji la Mbeya watu huchelewa kwa kujiamini. Kutoka Uyole hadi Mafiati panaonekana karibu, lakini foleni ya asubuhi haina huruma. Anayetoka Tukuyu kwa kosta ya kwanza anadhani ameshawahi, kumbe kosta inajaza abiria hadi Kiwira. Toka mapema kwa saa nzima zaidi ya unavyodhani. Kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, vaa raba na ubebe viatu vya usaili kwenye mfuko, uvibadilishe getini. Juni na Julai vaa sweta chini ya koti. Mtu anayetetemeka kwa baridi ya Makambako au Mafinga huonekana anatetemeka kwa hofu.

Ukishachelewa, piga simu kabla ya muda kupita, siyo baada. Kwa mwajiri binafsi huwa inasaidia. Kwa mtihani wa mchujo, mlango ukifungwa usigombane na msimamizi. Hana mamlaka ya kuufungua.

DALILI: Unafika mbele ya jopo, maneno yanakwisha

Swali linaloangusha wengi ni jepesi: “Jieleze.” Mtu anaanza na shule ya msingi, anapita darasa kwa darasa, akifika chuo muda umekwisha na jopo limechoka. Sababu yake kubwa ni kutolisemea jibu kwa sauti hata mara moja. Kulifikiria kichwani hakutoshi, ulimi nao unahitaji mazoezi.

Jibu zuri ni la dakika mbili na lina kazi ndani yake. Sikiliza tofauti. Mmoja anasema: “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo.” Mwingine anasema: “Msimu uliopita nilikuwa karani kwenye kituo cha kupimia majani mabichi ya chai Mufindi. Nilikuwa napima, naandika kilo za kila mkulima, na jioni nalinganisha daftari na hati ya gari. Hesabu zikipishana nilikuwa nabaki hadi nijue kilo zimepotelea kwa nani.” Huyu wa pili hajasema neno uaminifu, na kila mtu mezani amelisikia.

Hata kama hujawahi kuajiriwa, unacho cha kusema: kuuza duka la mama, kuwa mweka hazina wa kikundi, mafunzo kwa vitendo, kusimamia vibarua wakati wa kuvuna mpunga Kyela. Taja ulichofanya, kwa kiasi gani, na ugumu mmoja ulioutatua.

Sababu ya pili ni CV uliyoandikiwa. Kijana ananiambia niweke kwamba anajua programu fulani ya uhasibu. Ninamuuliza anafungua vipi leja mpya, ananyamaza. Ninaondoa mstari huo, kwa faida yake. Kila kilichoandikwa pale ni swali unalowapa jopo wakuulize.

Sababu ya tatu ni lugha. Uliza kwa heshima mwanzoni: “Naomba kufahamu, tutatumia Kiswahili au Kiingereza?” Ikiwa ni Kiingereza na wewe kinakupa shida, sema sentensi fupi. Sentensi fupi iliyo sahihi inashinda ndefu iliyopotea njiani.

Ya nne huwa haizungumzwi. Wengi wa kwetu, hasa mabinti, wamelelewa kusalimia wakubwa kwa kuinama au kupiga goti, macho chini, sauti ndogo. Ni adabu njema na sitaki mtu aitupe. Lakini jopo lililotoka mikoa mingine linaweza kusoma sauti ile kama kutojua. Sema “shikamooni” yako kwa heshima zote, kisha keti wima, mtazame aliyeuliza, na ujibu kwa sauti inayomfikia aliye mwisho wa meza. Fanyia mazoezi na mjomba au shangazi, siyo na rafiki wa rika lako. Kwa rafiki sauti inatoka yenyewe.

Usiposikia swali, omba lirudiwe. Usipojua, sema “hilo silifahamu kwa sasa” na uendelee na linalofuata.

Kuhusu mtihani wa mchujo: soma tangazo la kazi tena, hasa orodha ya majukumu, maana maswali mengi hutoka humo. Kwa baadhi ya kada hufanyika kwa kompyuta. Kama mkono wako umezoea simu tu, kaa kwenye kompyuta ya mtu wiki moja kabla.

DALILI: Usaili wa simu au wa video unakatika

Bando, chaji, mtandao, kwa mpangilio huo. Jaribu kiungo jana yake mahali pale pale utakapokaa. Weka laini ya mtandao mwingine kwenye simu. Ikikatika, tuma ujumbe mfupi papo hapo: “Samahani, mtandao umekatika, ninarudi.” Usihamie kwenye mgahawa wenye muziki.

DALILI: Umeulizwa mambo yasiyohusu kazi

Una mimba? Utaolewa lini? Wewe kabila gani, unasali wapi? Mara nyingine ni mazungumzo tu ya mzee aliyezoea kuuliza “ninyi ni wa wapi”. Jibu kwa upole na urudishe mazungumzo kwenye kazi: “Mipango ya familia yangu haitazuia ratiba mliyoitaja.” Lakini ujue sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsi, mimba, hali ya ndoa, ulemavu na mingineyo, na inamlinda hata mtu anayeomba kazi. Ukinyimwa kwa sababu hiyo waziwazi, andika siku hiyo hiyo nani alisema nini na mbele ya nani, kisha uende ofisi ya kazi ya mkoa au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usiende bila maandishi hayo.

DALILI: Unaambiwa utume pesa, au ukutane na mtu gesti

Hapa hakuna ukaguzi mwepesi wala jaribio la pili. Simama.

Sekretarieti ya Ajira haitozi mtu fedha ili aitwe kwenye usaili wala apangiwe kituo. Ukitakiwa kutuma “ya fomu”, “ya vipimo” au “ya sare” kwa namba ya simu ya mtu binafsi kabla ya mkataba, ni utapeli, hata kama barua ina nembo na mhuri. Usitume hata kidogo kidogo ili kupima. Hifadhi ujumbe, iripoti namba hiyo kwa kuituma kwenda 15040, na kama pesa imeshatoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, kisha polisi.

Anayetaka mwili wako ili akupe kazi anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, simu ni bure. Usijibu kwa matusi, usifute ujumbe, na usiende “kumrekodi” peke yako. Wao wana namna ya kuandaa ushahidi huo salama. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Dada zangu, aibu ya jambo hili si yenu.

DALILI: Usaili umeisha vizuri, halafu kimya

Kwa kampuni binafsi, mara nyingi uamuzi haujafanyika, au bajeti imesogezwa, au mtu mwingine amepewa na hakuna aliyeona umuhimu wa kukuambia. Uliza kabla ya kutoka chumbani: “Naomba kujua majibu yatatoka lini.” Siku hiyo ikipita na wiki moja juu yake, tuma ujumbe mmoja:

“Habari za kazi. Naitwa … , nilifanya usaili wa nafasi ya karani tarehe … . Naomba kufahamu kama uamuzi umefikiwa. Bado ninaihitaji nafasi hiyo. Ahsante.”

Mmoja tu. Wasipojibu, endelea kuomba kwingine.

Kwa serikali, majina ya waliopangiwa vituo vya kazi hutolewa kwenye tovuti ya Sekretarieti, na waliofaulu wakakosa nafasi huweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata na kupangiwa baadaye. Hii maana yake laini uliyoandika lazima iendelee kuwa hai na anwani ya posta iwe ya mtu anayefungua sanduku. Ukibadilisha namba, badilisha na kwenye akaunti siku hiyo hiyo.

Na kama kimya kimekaa muda mrefu hadi usingizi umekatika, huli, na umeanza kujiona huna maana duniani, acha maombi kwa muda uende hospitali ya wilaya au ya mkoa, uwaambie hivyo hivyo bila kupunguza. Wapo wahudumu wa afya ya akili kwa ajili hiyo. Vyeti vyako niachie nakala, tutaendelea ukirudi.